Bustani ya Ndoo, Gunia na Mtungi: Namna ya Kulima Mboga kwenye Ua Mdogo

Nyumba nyingi za Pwani zimekuwa na bustani ya vyombo tangu zamani, ila hazikuipa jina. Mlangoni utakuta kopo la maziwa ya unga lenye mrehani. Uani kuna debe lililooteshwa asumini, ya kutungia vikuba siku ya harusi. Pembeni mwa bafu, pasipokauka, kuna mchaichai kwenye beseni lililopasuka. Ninayoeleza hapa ni desturi hiyo hiyo, ila imesogezwa hadi kwenye sufuria: mchicha, spinachi, nyanya, pilipili na giligilani, vyote hatua chache kutoka jikoni, kwenye ua wa nyumba ya kupanga Dar es Salaam ambao ukitandika mikeka miwili umejaa.

Ua wangu una mita tatu kwa mbili. Ndani yake kuna kamba ya nguo, ndoo za maji na jiko la mkaa, na bado sinunui mchicha. Kuna jambo moja ningependa ulishike kabla ya mengine yote. Mmea wa shambani ukikosa maji juu, mzizi unashuka kuyatafuta. Mmea wa kwenye ndoo ukishuka unakutana na plastiki. Hauna pa kwenda. Maji, chakula na hewa vyote unavipata kutoka mkononi mwako. Kwa hiyo kila wazo zuri la chombo lipime kwa maswali mawili: mzizi utapata nafasi gani, na maji yatakaa muda gani? Rangi na urembo vitafuata.

Anza na jua

Kabla hujanunua hata mbegu, tenga siku moja uangalie ua wako. Saa mbili asubuhi, saa sita mchana, saa tisa alasiri na saa kumi na moja jioni, chora kwa mkaa sakafuni pale mwanga unapoishia. Mboga za majani kama mchicha, chainizi, spinachi na sukuma wiki zinaridhika na saa nne za jua. Chochote kinachozaa tunda, yaani nyanya, hoho, bilinganya, bamia, nyanya chungu, kinataka saa sita na zaidi. Giligilani na mnanaa hunawiri zikipata kivuli cha mchana.

Kuta za ua zina vivuli vinavyohama mwaka mzima, na hili huwapotosha wengi. Dar es Salaam iko kusini mwa ikweta kwa nyuzi karibu 7. Kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hupita upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki hupita kusini. Mwezi Juni, ukuta wa kaskazini wenye kimo cha mita mbili na nusu unatupa kivuli cha karibu mita moja na nusu ndani ya ua, jua likiwa juu kabisa. Desemba ni zamu ya ukuta wa kusini, ingawa kivuli chake hakizidi robo tatu ya mita. Pembe iliyonipa nyanya nzuri Januari, Juni ilinipa miche mirefu, iliyopauka, inayolalia upande mmoja ikitafuta mwanga. Nilizihamisha ndoo hatua tatu na zikanyooka. Shamba huwezi kulihamisha, ndoo unaweza, basi itumie nafasi hiyo.

Kama unaishi ghorofani, fikiria uzito pia. Ndoo ya lita 20 iliyojaa udongo uliolowa ina kilo 25 hadi 30. Ndoo nane zinafika kilo 200 au zaidi. Zipange karibu na ukuta wa nyumba, si kwenye ukingo wa nje wa roshani, na usitundike chombo chochote juu ya njia ya watu. Zungumza na mwenye nyumba mapema, na jirani wa chini pia, maana maji ya udongo yakidondokea nguo zake nyeupe bustani yako imeisha.

Chombo kina kina gani?

Msimu wangu wa kwanza nilipanda nyanya kwenye makopo ya rangi ya lita 4. Zilipanda juu vizuri, zikachanua, nikawaonyesha majirani. Kisha ikawa kila siku saa saba mchana majani yanalegea, jioni yanainuka. Matunda yalipoanza kubadilika rangi, vitako vyake vilikuwa vyeusi, vimebonyea, vigumu kama soli ya kiatu. Nilidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa na kupulizia. Haukuwa ugonjwa. Kalsiamu haifiki kwenye tunda kama maji yanakatika njiani, na kwenye kopo lile maji yalikatika kila siku. Nilipong'oa mmea mmoja, udongo ulitoka ukiwa na umbo la kopo, na mizizi imejizungusha pembeni kama uzi kwenye kibiringo.

Tangu hapo nafuata vipimo hivi. Mchicha, saladi, giligilani na vitunguu vya majani vinatosha na kina cha sentimita 15, kwa hiyo beseni, karai na sufuria pana iliyochakaa ni mahali pake. Spinachi, chainizi na sukuma wiki wape sentimita 20 hadi 25. Pilipili na hoho, lita 10 kwa mche mmoja. Nyanya, bilinganya na bamia, lita 20 kwa mche mmoja, na ukishawishika kupanda miwili kwenye ndoo moja, shinda kishawishi hicho. Tangawizi na binzari manjano hutaka upana kuliko kina, beseni la sentimita 25 linafaa. Mlimao au mndimu uliobebeshwa unaweza kuishi kwenye nusu pipa kwa miaka.

Toboa matundu sita hadi manane chini, kila moja likiwa na unene wa penseli. Msumari wa nchi sita uliopashwa moto kwenye mkaa, umeshikwa kwa koleo, unapita kwenye plastiki bila kuipasua. Ongeza mawili ubavuni, sentimita mbili kutoka chini, ili maji yatoke hata ndoo ikiwa imekaa juu ya sakafu tambarare. Juu ya matundu tandaza kipande cha chandarua kikuukuu ili udongo usimwagike.

Usiweke tabaka la kokoto chini. Najua tumefundishwa hivyo, na mimi nilifanya hivyo miaka miwili. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto. Yanasimama pale vinapokutana, na mzizi unabaki kwenye tope huku umenyang'anywa sentimita tano za nafasi. Jaza udongo mpaka chini.

Chombo kilichowahi kubeba dawa ya wadudu, dawa ya magugu, mafuta ya gari au tindikali kiache, hata ukikisafisha mara kumi. Ndoo za rangi ya maji zioshwe vizuri mpaka utando wote utoke, za rangi ya mafuta zisitumike kwa chakula. Ukigeuza ndoo ukaona pembetatu yenye namba 2 au 5, hiyo ni plastiki ya aina inayotumika sana kubebea vyakula. Vyombo vyeusi juani hupasha mizizi moto, basi vipake chokaa nje au vivalishe gunia.

Udongo wa kwenye chombo si udongo wa uwanjani

Udongo ulioutoa nyuma ya nyumba, peke yake, ukimwagiliwa wiki mbili kwenye ndoo unakuwa tofali. Changanya ndoo mbili za udongo wa juu, ndoo moja ya samadi au mboji iliyoiva, na ndoo moja ya kitu cha kuulegeza: pumba za mpunga zilizooza, usumba wa makumbi uliokatwakatwa, au mchanga wa mtoni. Mchanga wa ufukweni usitumie, una chumvi. Kwa roshani, chagua pumba au usumba kuliko mchanga, kwa kuwa ni nyepesi na hushika maji.

Makumbi yaloweke siku mbili tatu, umwage maji, urudie, maana yana chumvi na rangi kali. Samadi ipime kwa mkono: ichimbue katikati ya lundo. Kama ni ya moto au inapanda puani kwa ukali, bado. Mbolea ya kuku mbichi inaunguza miche kwa siku mbili, iache miezi miwili hadi mitatu ikiwa imefunikwa na ina unyevu. Na udongo wa mahali palipofia nyanya kwa kunyauka ghafla usiuguse, bakteria wa mnyauko hukaa humo muda mrefu.

Ukimaliza kuchanganya, lowesha kidogo, finyanga ngumi moja, kisha gusa bonge kwa kidole. Likimeguka vipande, uko tayari. Likibaki bonge, ongeza pumba. Lisiposhikana kabisa, ongeza samadi.

Gunia lenye uti wa mawe

Kwa ua mdogo sijaona kinachozidi gunia. Eneo la sinia moja linabeba miche 30 hadi 40, kwa sababu unapanda juu na ubavuni. Baada ya machafuko ya uchaguzi ya Kenya mwanzoni mwa 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisaidia kaya za Kibera, Nairobi, kulima mboga kwenye magunia, na sukuma wiki ikaonekana milangoni kwenye vichochoro visivyo na hata futi ya shamba. Utaratibu wenyewe ni huu:

1. Chukua mfuko wa salfeti wa kilo 50, kunja mdomo wake nje mpaka ubaki na kimo cha sentimita 20. Usimamishe juu ya matofali mawili au pale utakapokaa daima, kwani ukijaa hauhamishiki.

2. Tafuta kopo la kilo la maziwa, lifungue pande zote mbili liwe bomba. Lisimamishe katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo au vipande vya matofali vya ukubwa wa ndimu.

3. Jaza udongo kuzunguka kopo mpaka karibu na mdomo wake, ushindilie kwa kiganja, si kwa ngumi. Vuta kopo juu taratibu huku ukilitikisa. Mawe yanabaki yamesimama peke yake katikati.

4. Weka kopo juu ya mawe hayo hayo, jaza tena mawe, kunjua gunia kidogo, jaza udongo, vuta. Endelea mpaka ubakize sentimita kumi kutoka juu.

5. Mwagilia lita 15 kwenye mawe na udongo, acha siku tatu utulie. Utashuka, ongeza udongo.

6. Kwa kisu, chana ubavuni matundu ya alama ya kuzidisha, sentimita 20 kati ya moja na jingine, safu ya juu na ya chini zipishane. Ingiza miche kwa kidole, mzizi uelekee chini kidogo, ukandamize udongo.

Uti ule wa mawe ndio roho ya kazi. Bila huo, maji unayomwaga juu yanaishia juu, miche ya chini inakauka huku ya juu ikioza. Kwa hiyo unapomwagilia, mwaga kwenye mawe kwanza, kisha juu. Ubavuni panda spinachi, chainizi na sukuma wiki. Upande usiopata jua weka vitunguu vya majani. Juu weka pilipili mbuzi moja au mbili, au nyanya moja yenye mti wa kuegemea. Usipande matembele ubavuni, yatafunika kila kitu. Salfeti huliwa na jua, basi ukiona nyuzi zinaanza kupukutika ukiigusa, vika gunia la pili juu kabla halijapasuka.

Mtungi uliozikwa

Hili ndilo ninalolipenda zaidi, na ni la watu wanaosafiri au wanaorudi kazini usiku. Nunua mtungi mdogo au chungu cha udongo cha lita mbili hadi tatu, kisichopakwa rangi wala kung'arishwa. Kijaribu kwanza: kijaze maji, kiweke kivulini, baada ya saa chache ukuta wake wa nje uwe umetota jasho kama mtungi wa maji ya kunywa. Kisichotoka jasho hakifai.

Uzike katikati ya nusu pipa au beseni la lita 40, shingo ikibaki nje vidole viwili. Panda miche kuuzunguka, umbali wa kiganja. Jaza maji, funika kwa kifuniko au jiwe bapa. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ukuta wa chungu, ukilowa unaacha kuvuta. Kwangu mtungi wa lita tatu unanifikisha siku mbili hadi nne, kulingana na jua. Niliufukua mmoja baada ya msimu wa hoho: mizizi ilikuwa imeukumbatia pande zote, myeupe, laini, kama wavu. Wiki mbili za mwanzo mwagilia miche kwa juu kama kawaida, mpaka mizizi ifike kwenye chungu.

Mawazo mengine, kwa ufupi

Madumu ya lita 20 yalalishe, kata ubavu wa juu, toboa ubavu wa chini, upate hori la mboga za majani. Mahori hayo yanapangwa kwenye ngazi ya mbao iliyoegemezwa ukutani, na ngazi ya vipago vitano inabeba mahori matano kwenye nafasi ya moja. Panga chini vile vinavyopenda maji, kwa kuwa vya juu vinavidondoshea. Chupa za maji za lita moja na nusu zilizotundikwa ukutani hupendeza sana kwenye picha, lakini zinakauka kabla ya saa sita mchana. Zitumie kukuzia miche tu. Bomba la plastiki la nchi sita lililotobolewa juu na kuzibwa ncha linafaa kwa giligilani na saladi kwenye ukingo wa baraza.

Matairi mimi siyatumii. Hata yakitobolewa, mkunjo wa ndani hushika maji, na maji hayo ndiyo makazi ya mbu anayeeneza dengi. Dar es Salaam imepata milipuko ya homa hiyo mwaka 2014 na mwaka 2019. Mbu huyo huuma mchana, na kutoka yai hadi kuruka huchukua kama wiki moja hadi siku kumi. Kwa sababu hiyo hiyo usiweke visahani chini ya ndoo. Kama roshani inakulazimu, vimwage na kuvisugua mara moja kila wiki, siku isiyobadilika.

Mbegu, na zile zilizomo jikoni

Mchicha mbegu zake ni ndogo kama chembe za mchanga. Kijiko kimoja cha chai changanya na vijiko kumi vya mchanga mkavu, ndipo utapanye, vinginevyo zitaota kama nywele. Funika kwa vumbi jembamba la mboji, lowesha kwa keni yenye matundu madogo. Giligilani inaota kutoka kwenye dania ile ile ya kupikia: zilaze kwenye kitambaa, pitisha chupa juu mpaka kila mbegu igawanyike mara mbili, loweka usiku mmoja, panda. Itachukua wiki moja hadi mbili, usiikatie tamaa. Panda palepale itakapokaa, haipendi kuhamishwa.

Matembele omba kwa jirani: ncha za urefu wa sentimita 30, ondoa majani ya chini, zika vifundo vitatu. Mnanaa weka kwenye glasi ya maji mpaka utoe mizizi. Kitunguu cha majani kata ukibakiza vidole viwili juu ya mizizi, upande hicho kibaki. Mchaichai wa sokoni wenye kitako kizima huota. Tangawizi yenye macho ivunje kwa vipande, acha majeraha yakauke siku mbili. Nyanya, hoho na bilinganya sia kwenye trei au viriba, uzipandikize zikiwa na majani halisi manne, jioni, na ndoo ikae kivulini siku tatu.

Usipande beseni zima la mchicha siku moja. Panda nusu, baada ya siku kumi nusu nyingine, la sivyo utakula mchicha wiki nzima na kisha usubiri mwezi.

Maji, na chumvi yake

Chovya kidole mpaka kifundo cha pili. Pakiwa na unyevu, ondoka. Pakiwa pakavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini. Kumwagilia kidogo kidogo kila saa kunalowesha juu tu. Nyanya kubwa kwenye ndoo ya lita 20, wakati wa kaskazi, Desemba hadi Februari, inakunywa lita mbili kwa siku au hata zaidi, na mimi ninaigawa asubuhi na jioni. Baada ya muda utazoea kuinua ukingo wa ndoo kidogo kwa mkono mmoja na kujua kwa uzito tu.

Tandaza matandazo ya vidole viwili juu ya udongo, yawe nyasi kavu, makumbi au maranda, na mahitaji ya maji yatapungua waziwazi.

Wengi wetu tunatumia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi. Shambani mvua huizamisha chini. Kwenye ndoo chumvi haina pa kuzama: maji yanapaa, yenyewe inabaki, kila siku inaongezeka. Utaona unga mweupe kwenye ukingo wa ndoo, kisha ncha za majani zinaungua kahawia, kuanzia pembeni kuja ndani. Watu huona hivyo wakaongeza mbolea, ambayo nayo ni chumvi, na mmea unakufa. Tiba ni kuosha udongo. Mara moja kwa mwezi, na mara nyingi zaidi kiangazi, mimina taratibu maji matamu mara mbili ya ujazo wa chombo, yatiririke yote. Ndoo ya lita 20 inataka lita 40. Ni mengi, kwa hiyo kinga ya mvua: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita kumi za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 200 kwenye pipa, na pipa lifunikwe kwa chandarua. Wakati wa masika toa ndoo zako zote mvuani zioshwe bure. Kama kisima chako ni cha chumvi sana, panda spinachi, inavumilia. Maharage, karoti na vitunguu havivumilii. Mtungi nao usijazwe maji ya chumvi, yanaziba vinyweleo vyake.

Maji ya kuoshea mchele na mboga yapeleke bustanini. Ya kufulia kwa sabuni ya unga hapana.

Chakula chake

Samadi uliyochanganya mwanzo inatosha wiki nne hadi sita. Baada ya hapo tengeneza mbolea ya maji: kilo mbili za samadi ndani ya mfuko wa salfeti, ufunge, uzamishe kwenye lita 20, ufunike vizuri. Koroga kila siku mbili. Siku ya kumi hadi ya kumi na nne chota, ongeza maji mpaka ifanane na chai ya rangi, mwaga kwenye udongo kila baada ya wiki mbili. Isiguse majani, hasa ya saladi na giligilani yanayoliwa mabichi. Ukitumia NPK ya dukani, kijiko kimoja cha chai kwa ndoo ya lita 20 kila wiki tatu, mbali na shina, juu ya udongo uliokwisha kulowa.

Kuku, vidukari na wengine

Adui mkubwa wa bustani ya uani ni kuku. Dakika tano zinamtosha kumaliza kazi ya mwezi. Pinda fito mbili juu ya beseni, funika kwa chandarua kikuukuu, kaza kwa kamba.

Vidukari hujikusanya kwenye ncha changa za sukuma wiki na bamia. Kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja, pulizia chini ya majani, jioni, rudia baada ya siku nne. Utitiri mwekundu huja wakati wa joto na vumbi, majani yakawa na vidoadoa na utando mwembamba. Rusha maji kwa nguvu upande wa chini wa jani kila asubuhi. Kwenye nyanya, angalia kantangaze, nondo mdogo aliyeripotiwa Tanzania mwaka 2014. Kiwavi wake huchimba ndani ya jani na kuacha mabaka meupe yanayoangaza. Kata jani hilo siku hiyo hiyo, lifunge kwenye mfuko, liache juani. Konzi mbili za majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, yakaloweshwa usiku kucha kwenye lita moja na kuchujwa, husaidia kuzuia, ila si baada ya mmea kujaa.

Kuvuna, na kuanza tena

Mchicha uko tayari wiki ya tatu au ya nne. Ukiukata ukibakiza kidole kimoja chenye vifundo, utachipua mara mbili tatu kabla ya kuchoka. Sukuma wiki na spinachi chuma majani ya chini, acha manne au matano juu. Matembele kata ncha. Pilipili ukizichuma mara kwa mara zinaendelea kuzaa zaidi ya mwaka.

Msimu ukiisha, usitupe udongo. Umwage kwenye turubai, toa mizizi mikubwa, utandaze juani siku tatu nne, vunja mabonge. Kwa kila ndoo nne za udongo huo ongeza moja ya samadi iliyoiva na konzi mbili za majivu, kama maji yako si ya chumvi. Kisha badilisha mpangaji: palipokuwa na nyanya, pilipili au bilinganya weka kunde au mchicha, na zile tatu zisirudi kwenye udongo huo msimu unaofuata. Andika kwa mkaa kwenye ubavu wa ndoo nini kilikuwamo na mwezi gani, kwa maana baada ya ndoo kumi hutakumbuka.